Ufa umeingia kwenye jointi: hogo, waya au pleti?

Wiki hii ni mikono tu jamani. Nikisema kifundo namaanisha pale unapovaa saa, maana kila mtu hapa Tanga ana kiwiko chake.

Swali: Nimeanguka na boda Makorora, picha inaonyesha ufa umefika kwenye jointi ya kifundo. Daktari mmoja anasema hogo (plasta ngumu), mwingine pleti (bamba la chuma la kufungia mfupa). Nimsikilize nani? Nina miaka 29.

Pole kaka. Waulize wote wawili kitu kimoja, uso wa jointi uko sawa au umefanya ngazi, kipande kimoja juu kingine chini? Wa baiskeli mtanielewa haraka, kile kikombe cha gololi kikichimbika gurudumu litazunguka ila linasaga, na jointi ni hivyohivyo. Vipande vikiwa vimekaa sawa hogo linatosha, wiki 5 au 6 hivi, lakini upige picha tena wiki ya 1 na ya 2 kwa sababu uvimbe ukishuka hogo linalegea na mfupa unateleza humohumo ndani kimyakimya, hapo ndo wengi wanapigwa chenga. Ngazi ikifika milimita 2 au zaidi, na wewe unashika usukani kutwa nzima, mimi ningeenda upasuaji, tena usikae wiki 3 unashauriana na kijiwe, mfupa ukianza kuunga vibaya kuurudisha ni kazi nyingine kabisa.

Swali: Waya, zile pini nyembamba za chuma, bei nafuu kuliko pleti. Ndo tunapewa cha hovyo?

Wala. Uingereza waliwalinganisha wagonjwa 461, matokeo yakatoka 2014, baada ya mwaka waya na pleti hazikupishana kwa maana. Ila wale ambao jointi haikukubali kunyooshwa bila kupasua hawakuingizwa, kwahiyo kama yako imesagika na kuzama usije ukasema nilikwambia waya zinatosha. Pleti inakuruhusu kusogeza mkono mapema, ubaya wake ni kisu, hela, na kuna wakati inasugua kano, zile kamba zinazovuta vidole. Waya zinatolewa wiki ya 4 mpaka 6, zikichungulia nje zitunze zisitunge usaha.

Swali: Mama ana miaka 74, kateleza bafuni huku Pongwe. Tumpeleke Dar akawekewe chuma?

Mpe shikamoo zangu. Kwa umri wake mara nyingi hogo linatosha, tafiti za wazee zinaonyesha baada ya mwaka wanatumia mkono karibu sawa na waliowekewa pleti, hata kama umebaki umepinda kidogo. Akiweza kumimina chai kwa mkono huohuo, kupinda kidogo kuna shida gani? Ila mpime na udhaifu wa mifupa, bafu halivunji mfupa imara hivihivi.

Swali: Kuna fundi wa kuunga mifupa Muheza, anasifika.

Kwa jointi, hapana. Ngazi ya milimita 2 hata mimi siioni bila picha, na vile vijiti vyao vya kufungia vikikazwa sana damu haipiti.

Swali: Hogo limetoka juzi, vidole vimekakamaa kama mbao.

Dada, vidole vilitakiwa kusogezwa toka siku ya kwanza, sijui kwanini hawawaambii. Anza leo, maji ya vuguvugu, kunja ngumi mpaka mwisho, gumba liguse kila kidole, mara kadhaa kwa siku, na kamuone mtu wa mazoezi ya viungo. Gumba, shahada na cha kati vikifa ganzi usiku, mshipa wa fahamu umebanwa, rudi hospitali. Na gumba likigoma ghafla kunyanyuka usingoje kliniki ya mwezi ujao, kano imekatika hiyo, inawapata hata waliofungwa hogo tu.