Mawingu yanatabiri au yanaashiria?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mwalimu kanikata maksi kwenye insha kisa nimeandika "mawingu yanatabiri mvua", sasa nilitakiwa niandikeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo andika "yanaashiria mvua", maana kuashiria ni kazi ya kitu, mawingu, upepo, hakina nia yoyote ila ukikiona tu unajua kuna jambo linakuja. Kutabiri kunataka mtu, ndo maana watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatabiri masika ya Machi mpaka Mei, wanapima, wanahesabu halafu ndo wanasema. Kudokeza nako ni kwa mtu, ila huyu anajua tayari anakumegea kidogo, kama shangazi anayekwambia "mwezi ujao usisafiri" kumbe posa imeshaletwa! Na mwandishi wa hadithi naye anadokeza hivyohivyo.