Picha ya matunda: "iliyochorwa" au "yaliyochorwa"?

SWALI: Nauza picha za vyakula za kupamba kuta za sebule na mahoteli. Kwenye tangazo niliandika "picha ya matunda iliyochorwa kwa mkono". Mteja akanisahihisha: matunda ni mengi, basi niandike "yaliyochorwa". Yupi yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Wewe. Tangazo libaki lilivyo. Unachosifia ni picha, nayo ni ya ngeli ya I-ZI, kwa hiyo "iliyochorwa". Mteja wako amevutwa na nomino iliyo karibu na kitenzi. Tena "yaliyochorwa" inaweza kukuharibia biashara, maana "picha ya matunda yaliyochorwa" huweza kueleweka kuwa ni foto tu ya mchoro, na bei ya foto si bei ya kazi ya mkono.

Tazama picha mashuhuri ya Caravaggio ya kikapu cha matunda, aliyoichora Italia mwishoni mwa karne ya 16. Ndani yake mna zabibu, tini na tofaa lenye tundu la mdudu. Majani mengine yamekwisha kunyauka. Nomino tatu zimefuatana, na kila moja ina upatanisho wake: picha *iliyohifadhiwa* Milan katika jumba la Ambrosiana, kikapu *kilichowekwa* ukingoni kabisa kama kinachotaka kudondoka, matunda *yaliyoiva* na kuanza kuharibika. Ukiandika "picha ya kikapu cha matunda kilichohifadhiwa Milan", umewapelekea watu wa Milan kikapu chenyewe, na matunda ya miaka mia nne!

Ukitaka kusifia vyote viwili, anza na kilicho karibu: "picha ya maembe yaliyoiva iliyochorwa kwa rangi ya mafuta". Sentensi hiyo ni safi, wala isikutie wasiwasi.

Penye utata hasa ni kwenye "ya", kwa sababu picha moja na maembe mengi vyote huchukua "ya". "Picha ya maembe ya ukutani" inaacha shaka: cha ukutani ni kipi? Geuza mpangilio, useme "picha ya ukutani ya maembe". Kwenye wingi shaka huondoka yenyewe: "picha za maembe za ukutani".

Na picha yenye fremu *hutundikwa*. Kinachobandikwa ni bango, kwa gundi.