Mke wangu ametakiwa apunguze mwili: nina haki ya kumlazimisha?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi niko Wete, Pemba, nimeoa miaka 11 na tuna watoto 3. Mke wangu kila uzazi mwili unazidi. Mwezi uliopita alipimwa akaambiwa sukari imeanza kupanda na presha iko juu, daktari akamtaka apunguze uzito. Kila nikiligusa jambo hili ananyamaza. Mama mkwe anasema mke kunenepa ni neema na sifa ya mume, nimwache. Nimetumiwa klipu ya mawaidha, msemaji anasema mume amuamrishe mkewe akonde, akikataa ni nashiza (mke muasi), amkatie nafaka (matumizi yake) au aoe mwengine, na kwamba unene ni alama ya watu waovu wa zama za mwisho. Siku moja mbele ya ndugu zangu nilimwita "bonge", kwa mzaha. Tangu siku hiyo hali chakula na sisi kwenye sinia. Anapakua, anatuwekea, yeye anakula jikoni kwa kusimama. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Ndugu yangu, nimekaa na swali lako siku mbili kwa sababu ya hayo maneno yako ya mwisho. Mwanamke anakula kwa kusimama ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nitarudi hapo.

Klipu hiyo nimeletewa na mimi, nimeisikiliza mpaka mwisho. Hadithi aliyoishika msemaji ni sahihi, ya Imran bin Huswayn, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini ameikata. Mtume ﷺ aliwataja watu watakaokuja wakitoa ushahidi bila ya kutakiwa, wakifanya khiyana na wasiaminike, wakiweka nadhiri wasizitimize, na unene ukadhihiri kwao. Hao ni watu wa khiyana walioghariki katika starehe. Imam Nawawi, katika sherehe (ufafanuzi) yake ya Sahih Muslim, amebainisha kwamba anayelaumiwa ni mwenye kuutafuta unene, wala haingii humo aliyeumbwa nao. Sasa mama wa watoto watatu, aliyelea mimba na kunyonyesha, anaingiaje katika hadithi ya wavunja nadhiri? Kuichukua kauli ya Mtume ukamchomea nayo mke wa mtu ni jambo zito, na msemaji atubie.

Ama nushuzi, yaani uasi wa mke, hapo ameteleza vibaya zaidi. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, nashiza ni mke anayetoka kwenye utiifu wa ndoa, kama kumzuilia mume haki yake bila ya udhuru, au kuihama nyumba bila ya idhini. Kilo za mwili hazimo. Kweli, wanavyuoni wetu wamesema mume anaweza kumzuia mkewe chakula kinachokhofiwa kumtia maradhi, na huenda ndiyo ibara aliyoiona akaipanua. Lakini kumzuia mtu na kitu chenye kudhuru ni kumhurumia. Kumkatia nafaka ni dhulma, na kumtishia mgonjwa kwa mke wa pili ni kumzidishia presha ile ile unayotaka ishuke. Mkeo ameanza kuumwa, na msemaji anamfundisha mume amtie khofu!

Tazama Mtume ﷺ alifanyaje. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume safarini, Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, alipoongezeka mwili, wakashindana tena, naye Mtume akamshinda, akasema: hii kwa ile. Imo kwa Abu Dawud. Katika riwaya ya Imam Ahmad imo kwamba kwanza aliwaambia watu watangulie mbele, kisha ndiyo akamwita washindane, na aliposhinda alicheka. Liangalie hilo la kuwatanguliza watu. Mwili wa mkewe umebadilika, naye anakimbia pamoja naye, pasipo na macho ya mtu. Wewe ulilisema neno lako mbele ya ndugu zako.

Na neno hilo si mzaha. Surat al-Hujurat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa majina ya kuudhi. Siku Bibi Aisha alipoashiria ufupi wa Bibi Safiyya, mke mwenziwe, Mtume ﷺ alimwambia amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyachafua.

Mama mkwe wako usimvunje. Bibi Aisha pia mamake alitaka anenepe kabla ya kupelekwa kwa Mtume ﷺ, akawa anakula matango kwa tende mbichi, akanenepa unene mzuri. Kwa hiyo wembamba haukuwa sharti la uzuri wala la dini. Mwambie mama kwa adabu kwamba hakuna anayelichukia umbo la mwanawe, kinachotafutwa ni kuishusha sukari, na "mwili wako una haki juu yako" ni maneno ya Mtume ﷺ.

Ama la kufanya, anza na kikapu chako. Nafaka iko juu yako, basi anayerudi sokoni na kilo za sukari, unga wa ngano na mafuta ni wewe. Lete mchicha, matango, choroko, samaki wa kuchoma. Wali wa nazi wa kila usiku upungue kwenye sinia zima, wala asipikiwe yeye chake pembeni kama mwenye adhabu. Na wewe uliyekaa barazani na kahawa na kipande cha halua, usirudi nyumbani kuhesabu mandazi yake. Baada ya Alfajiri, kabla ya watoto kwenda skuli, tokeni mtembee wawili. Madaktari wanasema mtu akipungua hata sehemu 5 mpaka 10 katika kila 100 za uzito wake, sukari na presha hupata nafuu. Basi mwenye kilo 90 akishuka 5 tu ameshafika mahali, msimuwekee mlima.

Dawa za kukondesha zinazouzwa mitandaoni msizikaribie. Na akitaka kufunga Jumatatu na Alkhamisi, amuulize kwanza daktari wake, kwa sababu baadhi ya dawa za sukari huishusha mno kwa mwenye kufunga. Siku ya kliniki nenda naye, ukae umsikilize daktari. Vitabu vyetu vya zamani havikuitia gharama ya tabibu ndani ya nafaka, lakini Allah ameamrisha kukaa na wake kwa wema, na sioni wema wa mume mwenye uwezo anayemwachia mkewe mgonjwa ajilipie.

Hayo yote ni baada ya jambo moja. Muombe radhi, mkiwa nyinyi wawili tu, bila ya kutaja uzito wala hospitali siku hiyo. Kisha waambie ndugu zako wale wale, kwa mdomo wako, kwamba ulikosea. Na sinia likiletwa, usinyooshe mkono. Chukua sahani yako uende jikoni, ukale naye huko huko, hata kama ni kwa kusimama, mpaka siku atakayotaka mwenyewe kurudi kukaa.

Wallahu aalam.