Dozi ya saa nane usiku: tulivyojifunza kulinda figo za mtoto mwenye sistinosisi

Mwanangu alipokuwa na umri wa miezi 10 alikuwa na kiu isiyokatika, nepi zilijaa mara kwa mara, na uzito wake ulikuwa umegoma kuongezeka. Mkojo wake ulipopimwa ulikutwa na sukari, nasi tukaambiwa kwamba huenda ni kisukari, ingawa sukari ya damu ilikuwa ya kawaida. Mzazi anayekutana na majibu ya namna hiyo naomba asiishie hapo, bali aombe mtoto aonwe na daktari wa figo, kwa kuwa huenda mirija ya figo imeshindwa kurudisha mwilini maji, sukari, chumvi, fosfati, bikabonati na potasiamu, ambavyo vyote huishia kwenye mkojo.

Kwetu chanzo kilikuwa sistinosisi, ugonjwa wa kurithi. Mimi na baba yake, bila kuugua wala kujua, kila mmoja wetu alibeba nakala moja yenye kasoro ya jeni ya CTNS, na mtoto akarithi zote mbili. Jeni hiyo ndiyo inayoongoza utengenezaji wa protini ya kutoa sistini, aina ya asidi amino, kwenye laisosomu, vijifuko vilivyo ndani ya seli. Protini hiyo inapokosekana, sistini hurundikana hadi kuwa fuwele, na figo ndizo huanza kuumia.

Dawa yake ni sisteamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1994. Huingia ndani ya vijifuko hivyo na kuibadili sistini ili iweze kutoka. Haiwezi kufufua sehemu ya figo iliyokwisha kufa, lakini huchelewesha sana kushindwa kwa figo, jambo ambalo kwa mtoto asiyetibiwa kwa kawaida hutokea karibu na umri wa miaka 10. Ile ya kawaida hutolewa kila baada ya saa 6, usiku ukiwemo, na hapo ndipo nilipokosea. Dawa ina harufu kali na ilimtapisha, kwa hiyo kwa miezi kadhaa nilimwonea huruma nikamwacha alale, nikiamini kwamba dozi tatu kati ya nne zilitosha. Kipimo cha sistini katika chembe nyeupe za damu kilionyesha kwamba hazikutosha. Tangu hapo tunaandaa dozi ya saa nane usiku kabla ya kulala, tunatega kengele, na tunapokezana zamu, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuamka kila usiku kwa miaka. Ipo pia aina inayotolewa kila baada ya saa 12, iliyoidhinishwa mwaka 2013. Muulizeni daktari kama inapatikana. Damu ya kipimo cha sistini nayo ichukuliwe kwa saa aliyoagiza daktari, ikihesabiwa tangu dozi ya mwisho, la sivyo majibu yatawapotosha.

Msimnyime maji hata siku moja, hata kama analowesha kitanda. Shuleni tulipeleka barua ya daktari ili aruhusiwe kunywa na kwenda msalani wakati wowote. Anapotapika au kuharisha hatusubiri kuche, kwani figo zake haziwezi kubana maji na hukaukiwa upesi kuliko watoto wengine. Tunakwenda na barua inayoeleza ugonjwa, maana si kila daktari wa zamu amewahi kuuona.

Siku ya kupandikizwa figo ikifika, figo mpya haitaugua sistinosisi, kwa kuwa seli zake zina jeni nzima. Wapo wanaodhani kwamba hapo sisteamini imekwisha kazi. Sistini huendelea kujaa katika macho, tezi ya shingo na misuli, kwa hiyo dawa ya kumeza huendelea maisha yote, pamoja na matone ya macho, kwa vile ile ya kumeza haifiki kwenye konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Hakikisheni zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa kabla ya mtoto kuruhusiwa kurudi nyumbani.