Rola kosta ya Kichina inayorushwa kwa sumaku: umeme ukikatika katikati inakuwaje?

Swali: "Shikamoo kaka. Niko Tanga, nasoma umeme VETA. Nimeona klipu ya rola kosta mpya ya kampuni ya Kichina, haina ule mnyororo wa kuvuta treni mlimani, treni imesimama tu halafu ghafla inafyatuka kama risasi. Wanasema ni sumaku. Inasukumwaje? Umeme ukikatika katikati je? Na wewe fundi ungepanda ya Mchina ambaye bado hajajulikana? Halafu nataka kutengeneza modeli ndogo ya projekti ya chuo, inawezekana?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza manne kwa mpigo, nianze na kusukumwa maana hilo nusu yake unalijua tayari.

Chukua mota ya kawaida unayoifungua kila siku hapo karakana, stata (sehemu iliyotulia) yenye koili za waya nje, rota (inayozunguka) katikati. Sasa ikate stata upande mmoja, ikunjue kama mkeka, ilaze kwenye reli. Rota nayo usiiache mviringo, igeuze iwe safu ya sumaku za neodimiamu zilizofungwa chini ya treni. Ukiwasha zile koili kwa zamu, mawimbi ya sumaku yanakimbia mbele na treni inayafuata kama imeshikwa mkono. Ndo hivo tu, hakuna kinachogusana. Ile treni ya sumaku ya Shanghai inayobeba abiria tangu 2004 inasukumwa kwa kanuni hiyohiyo. Kuna aina nyingine treni inabeba pezi la alumini badala ya sumaku, ndo zilizotangulia kwenye rola kosta, Flight of Fear kule Marekani mwaka 1996, ila zinakula umeme zaidi na zinapata joto sana, kwa hiyo siku hizi wengi wanakwenda na sumaku.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu hapa watu wanadhani inakula umeme wa mji mzima. Treni ya tani 8, unataka ifike kilomita 100 kwa saa, yaani mita 27.8 kwa sekunde. Nusu ya uzito mara spidi kipeo cha pili, unapata kama jouli milioni 3.1. Uniti moja ya luku ni jouli milioni 3.6! Yaani kurusha watu wote wale, kabla hujaweka upotevu, ni chini ya uniti moja. Ishu sio wingi wa umeme, ishu ni kwamba unautaka wote ndani ya sekunde 3. Hapo wastani ni megawati moja na pale mwishoni unagusa mbili, sawa na kuwasha pasi 2,000 za kilowati moja kwa pamoja halafu kuzizima zote. Shirika la umeme haliwezi kukuchekea kwa mchezo huo, ndo maana nyingi zina benki ya kapasita au gurudumu zito linalozungushwa taratibu likiweka nguvu akiba, halafu linaitema yote kwa mara moja.

Njia nyingine ni ya kubembea, kama unavyomsukuma mtoto kwenye pembea, humrushi juu kwa mkono mmoja, unamsukuma kila akirudi. Top Thrill 2 pale Cedar Point, Marekani, ndo inafanya hivyo: mbele kilomita 119 kwa saa, inarudi nyuma kwa 163, halafu mbele tena kwa 193. Koili zilezile zinatumika mara tatu. Kwa kampuni changa hii ndo njia yenye akili, hulazimiki kununua mainveta (vifaa vinavyolisha koili umeme kwa zamu) makubwa ya kutisha. (Zile za zamani za mafuta na winchi, kama Kingda Ka iliyobomolewa Februari 2025, zilikuwa na raha yake ila kebo na pampu ziliwatesa mafundi. Formula Rossa ya Abu Dhabi bado ni ya winchi, kilomita 240 kwa saa, lakini Falcons Flight ya Qiddiya, Saudi Arabia, iliyobuniwa kufika 250, ni sumaku.)

Sasa umeme kukatika. Kuna hali mbili, usizichanganye.

Ya kwanza, treni imeshatoka kwenye koili iko huko juu inapinduka. Haina habari na umeme wako. Haihitaji hata wati moja, inakwenda kwa nguvu iliyobeba, na haiwezi kuchomoka kwa sababu imeikumbatia reli, gurudumu juu, pembeni na chini, mtindo ambao hati miliki yake John Miller aliichukua mwaka 1919. Mwisho wa safari inakuta breki za sumaku za kudumu ambazo nazo hazitumii umeme. Breki za kubana zinafunguliwa na upepo wa kompresa na zinafungwa na springi, upepo ukiisha zinajifunga zenyewe.

Ya pili ndo yenye utamu. Umeme umekata treni ikiwa bado kwenye koili, ina 70 badala ya 100. Kule mbele kuna kilima cha mita 34 tuseme. Kwa 100 kamili, bila msuguano wala upepo, treni ingefika mita 39, kwa hiyo inapita. Kwa 70 inaishia mita 19, inasimama katikati ya mpando wa kilima, watu wanaangaliana, halafu inarudi kinyumenyume. Na hata bila umeme kukatika hii inatokea: asubuhi ya baridi grisi imeganda, upepo wa mbele, magurudumu mapya, treni haina watu wengi. Kwenye kazi yetu sio ajali, ni jambo tunalolitegemea, mchoraji anatakiwa awe amelipangia tangu siku ya kwanza. Kwenye njia ya kurushia kuna mapezi ya shaba au alumini yanayoshushwa treni inapopita na kunyanyuka nyuma yake. Ikirudi, sumaku za treni zinapita kati ya mapezi na treni inapunguzwa mwendo kama imeingia kwenye uji.

Jaribu mwenyewe. Tafuta diski kuu mbovu ya kompyuta (hard disk), toa ile sumaku, iteleze juu ya kipande kinene cha alumini ulichokiinamisha. Alumini haivutwi na sumaku lakini utaona inashuka kwa uvivu, kama mtu anaishika. Halafu ona kitu kingine: haisimami kabisa. Breki hiyo inazaliwa na mwendo, mwendo ukiisha na breki imeisha. Ndo maana lazima kuwe na breki ya pili ya kubana, na ukiona mtu anakuuzia rola kosta anasema "breki zetu zote ni sumaku" mwambie aanze upya.

Haya, Mchina. Mimi niko huku Ghuba mwaka wa tisa na nimeshika vya Wazungu na vya Wachina. Sumaku zenyewe za neodimiamu, ununue rola kosta Uswisi au Zhongshan kule China, kuna uwezekano mkubwa zimetoka China, kwa hiyo hapo tusidanganyane. Jinma, kampuni ya rola kosta ya Zhongshan, sio gereji ya uchochoroni, iko soko la hisa la Shenzhen tangu 2018. Na kule kwao mitambo mikubwa ya michezo iko chini ya sheria ya vifaa maalumu iliyoanza kazi 2014, kapu moja na lifti, boila na kreni. Halafu kumbuka Oktoba 2023 treni mbili ziligongana kwenye bustani ya michezo ya Happy Valley Shenzhen, watu wakaumia, mitandaoni kila mtu "vya Wachina hivyo". Mtambo ule ulitengenezwa na S&S ya Marekani.

Ila sikwambii ufumbe macho. Kampuni changa karibu zote zinaonyesha klipu ya kufyatuka, na kufyatuka ndo sehemu rahisi. Zamperla ni Waitaliano wa siku nyingi, wao ndo walioifanyia Top Thrill 2 matengenezo mapya, ilifunguliwa Mei 2024, kurushwa kukawa safi kabisa, ikaendeshwa siku chache tu ikafungwa msimu wote uliobaki kwa sababu ya mabehewa yenyewe. Sio koili, mabehewa!

Mimi shida niliyokutana nayo ilikuwa kebo ya sensa. Mtambo wa kampuni moja ambayo sitaitaja jina, inveta haijui treni iko wapi, ikawa inagoma kurusha, sawa, ndo inavyotakiwa. Kitabu cha maelekezo kimetafsiriwa vibaya mpaka "usiunganishe" imekuwa "unganisha", spea tukasubiri wiki mbili, na kila asubuhi niko chini ya treni na geji ya plastiki napima nafasi kati ya sumaku na koili, milimita chache tu. Plastiki kwa sababu geji ya chuma ikikaribia inanyakuliwa na kidole chako pamoja nayo. Spana zetu za pale ni za shaba. Kijana mmoja alisahau funguo za nyumba mfukoni, tulizibandua watu wawili.

Kwa hiyo ningepanda? Ndiyo, lakini kwanza naangalia nani alihakiki michoro na kwa viwango gani, kama ni TÜV (wakaguzi wa Ujerumani) na EN 13814 ya Ulaya au mkaguzi wa kwao na GB 8408, sawa vyote. Inveta ni za nani na fundi wake yuko nchi gani. Halafu naomba wanionyeshe treni ikirushwa makusudi kwa spidi ndogo, ina madoli ya maji, irudi nyuma. Akisita hapo, mimi nitakuwa nimekaa pembeni nakula ubuyu.

Modeli yako inawezekana kabisa. Koili 6 hadi 8 za waya wa kopa, mizunguko kama 200 kila moja, bomba la plastiki, sumaku ndogo ndani, betri ya volti 12, mosfeti (swichi ya kielektroniki) moja kwa kila koili na sensa ya mwanga mbele yake. Usiguse umeme wa ukutani. Usisahau dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na kila koili, bila hiyo mosfeti zitakufa moja moja na hutajua kwa nini. Na koili izimike kabla sumaku haijafika katikati yake, ukichelewa itairudisha nyuma. Wengi wanakwamia hapo, wanaongeza volti wakati tatizo ni muda.