Koti jeusi la mzee limepasuka

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mteja wangu, mzee mmoja mnunuzi wa kahawa, ameagiza picha ya rangi ya mafuta kama zile za matajiri wa Ulaya ya zamani. Amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi. Koti nililipaka jeusi zito lenye mafuta mengi ya kitani ili ling'ae. Siku tatu baadaye nikaweka mikunjo na vifungo kwa rangi ya amba, ile kahawia ya udongo, niliyoilainisha kwa tapentini. Sasa mikunjo yote ina nyufa. Nipake tena juu? Na mezani niweke nini kuonyesha kwamba ana mali?
Mchoraji, Mbale

JIBU: Marahaba. Usipake juu, nyufa zitarudi. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuyeyukia hewani kama maji, bali hushika oksijeni na kuwa magumu. Nyeusi ya mifupa, yaani ile ya mifupa iliyochomwa, hunywa mafuta mengi, hivyo huchelewa sana. Amba ina madini ya manganizi, nayo huharakisha kukauka. Juu pamekuwa pagumu, chini bado panacheza, basi pa juu pamekatika.

Kwangua koti lote kwa kisu cha rangi, ufute kwa kitambaa chenye tapentini kidogo. Mafuta ya taa usiyatumie kulainishia rangi, huacha utelezi.

Anza upya na amba iliyolainishwa kwa tapentini tupu, nyembamba kiasi cha kuona turubai. Mikunjo yote ichorwe hapa, si mwishoni. Ikikauka, weka nyeusi iliyochanganywa na amba kidogo, bila kuongeza mafuta. Sehemu zenye mwanga tia nyeupe ya titani kidogo tu. Utaona nyeusi inageuka kuwa na ubluu, na hapo ndipo kitambaa kinapoonekana kuwa cha sufu nzuri. Nyeupe ya zinki iepuke hata kwenye kanzu, hukauka na kuwa kama ganda la yai. Tabaka la mwisho ndilo la mng'ao: kijiko kimoja cha mafuta kwa viwili vya tapentini, lipakwe jembamba. Kabla ya kila tabaka bonyeza kwa ukucha. Ukiacha alama, ngoja.

Kuhusu mali, mtazame Georg Gisze, mfanyabiashara aliyechorwa na Hans Holbein jijini London mwaka 1532; picha iko Berlin. Ameshika barua, na mezani kuna zulia la Kituruki, mhuri, mkasi, kikopo cha sarafu na maua katika chombo cha kioo. Karibu kila kitu ni cha kazi yake. Kwa mzee wako, daftari la manunuzi, mizani ndogo na konzi ya buni vinatosha. Mkufu mnene wa dhahabu, kwa maoni yetu, utamfanya aonekane ameazima.

Vanishi isubiri angalau miezi sita. Kwanza gusa pembeni kwa pamba yenye tapentini. Ikitoka na rangi, bado. Na picha isikaukie stoo yenye giza: mafuta hugeuka manjano, na kanzu ndiyo itakayoonyesha kwanza.