Janga la homa ya mafua: kituo cha polisi cha Lamu kijiandae vipi

Chukua orodha ya zamu ya kituo chako, kiwe Mokowe, Faza au Lamu mjini, na kalamu nyekundu. Katika kila majina 10 futa 4. Usichague. Futa la 1, la 4, la 7 na la 9, awe ni OCS (mkuu wa kituo) au konstebo aliyeripoti juzi. Kisha watazame waliobaki na uulize: nani kati yao anaweza kupitisha boti Mkanda, mlango wa bahari kati ya Manda na bara, usiku maji yakiwa yanatoka? Nani anajua funguo za ghala la silaha zinakabidhiwa vipi? Nani atakaa kwenye redio, na nani anaijua injini ya boti inapokataa kuwaka? Kama hata swali moja halina mtu, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kununua barakoa hata moja.

Hesabu ya 4 kwa 10 haikutolewa hewani. Mipango ya Marekani ya kukabili janga la influenza, yaani homa ya mafua, hukadiria kwamba wimbi likifika kilele, hadi asilimia 40 ya wafanyakazi hawatafika kazini: wengine wanaumwa, wengine wanauguza watoto, wengine wanaogopa. Wimbi moja hukaa wiki 6 hadi 8 pahali pamoja, kisha laweza kurudi. Chanjo ya kirusi kipya huchukua miezi 4 hadi 6 kupatikana, kwa hivyo wimbi la kwanza huwakuta watu mikono mitupu. Tena ujana si kinga. Homa ya 1918, iliyoingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa, iliua sana watu wa miaka 20 hadi 40 kote duniani, na huo ndio umri wa askari wengi.

Kituo cha bara kikipungukiwa huletewa askari kwa gari usiku huohuo. Visiwa vya Pate na Kiwayu huendewa kwa boti, na boti yataka nahodha. Ndiyo maana tunasisitiza kila kazi nyeti iwe na watu 3 wanaoiweza: unahodha, silaha, redio, udereva, ufundi wa injini na uandishi wa kitabu cha OB, yaani cha matukio. Nahodha wa akiba hafundishwi kwa siku mbili. Lazima aione mikondo wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na wakati wa maji mafu, yanapobadilika kidogo, aijue kusi na aijue kaskazi. Anayengoja janga litangazwe ndipo aanze kumfundisha amechelewa.

Zamu nazo zigawanywe makundi mawili yasiyokutana. Kundi la kwanza likiondoka, makabidhiano yafanywe kwa simu au redio, si kwa kusimama kwenye meza moja. Kitabu cha OB ni kimoja na hushikwa na kila mtu, kwa hivyo kila askari awe na kalamu yake na anawe mikono akikifunga. Kosa linalojirudia ni kuwatenga askari kazini kisha kuwaacha wale mesi moja na walale chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mtu wa influenza huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajahisi chochote, na dalili huja siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa. Pazia halizuii hilo. Kama nyumba hazitoshi, omba mapema madarasa au nyumba za wageni ambazo wakati wa janga zitakuwa tupu, na mapatano yaandikwe sasa, pamoja na nani atalipa.

Halafu kuna jambo ambalo wakubwa wengi hawapendi kuliandika: kazi gani zitaachwa. Zisipotajwa mapema, askari wachache waliobaki watajaribu kufanya kila kitu na hakuna kitakachofanyika sawasawa. Zisizoachwa hata kukibaki watu 5 ni mauaji, wizi wa mabavu, ubakaji, ukatili wa nyumbani, uokoaji baharini, ulinzi wa silaha na wa walio seli, na ulinzi wa hospitali na ghala la dawa. Ukatili wa nyumbani hatukuuweka hapo kwa bahati. Watu wakifungiwa majumbani, anayepigwa hana pa kukimbilia, na simu yake ikipokelewa na mtu anayesema “njoo kesho” madhara hayarekebishiki. Ripoti za vitambulisho vilivyopotea zipokewe kwa simu. Misako ya walevi na wazururaji isimame kabisa, maana kila anayekamatwa ni mtu mmoja zaidi ndani ya seli.

Seli ndiyo pahali ambapo kituo hugeuka kuwa chanzo cha ugonjwa. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Kifungu hicho kikifuatwa, msongamano wa seli nyingi utapungua wenyewe. Kwa wanaobaki, mhoji mtu nje, kwenye kivuli, kabla hajavuka mlango: ana homa? anakohoa? nani anaumwa kwao? Kipimajoto cha kuelekeza usoni hudanganya Lamu, kwa sababu paji la uso lililopigwa na jua la gatini husoma juu. Mkalishe kivulini dakika 15 ndipo upime. Na ujue kuwa aliyemeza paracetamol asubuhi atapita bila shida, kwa hivyo maswali yana thamani kuliko kipimo. Acha seli moja tupu tangu siku ya kwanza kwa ajili ya wanaoumwa, hata kama nyingine zitabana kidogo. Kuitafuta nafasi hiyo saa nane za usiku mtu akiwa anatetemeka ni kuchelewa.

Sasa boti, ambayo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya miji ya magari haiitaji. Boti ya injini inapokwenda, upepo mkubwa unaowapiga waliomo hutoka omo (mbele ya boti) kwenda tezi (nyuma), na nahodha wa injini ya nje huketi tezi. Mgonjwa au mshukiwa anayekohoa akiwekwa omo, kama ilivyo desturi ili aonekane vizuri, kila kikohozi humwendea nahodha usoni kwa safari nzima ya kutoka Kizingitini, kisiwani Pate. Mketishe tezi upande wa demani (upepo unakoelekea), nahodha akae joshini (upepo unakotoka), na askari wa kulinda akae mbele yao akiwa amewageukia. Upepo ukibadilika njiani, badilisheni nafasi. Mgonjwa avae barakoa kama anaweza kupumua nayo. Barakoa iliyorowa maji ya bahari au jasho haichuji tena, na aliyeivaa huanza kuivuta chini apate pumzi. Kwa hivyo kila mtu awe na 2 za akiba ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mfukoni, si kwenye sanduku la boti linaloingia maji. Mkifika gatini, futeni mbao, kamba na vishikio kabla ya safari ya pili.

Vifaa havikisiwi, hupigiwa hesabu. Tuseme askari 25 wako zamu kila siku na kila mmoja anatumia barakoa 2 za hospitali. Hizo ni 50 kwa siku, na kwa wiki 6 ni 2,100, yaani paketi 42 za barakoa 50. Za N95, zile zinazobana uso na kuchuja zaidi, ni chache: ziwekeni kwa wanaosafirisha wagonjwa na wanaoingia chumba chenye mgonjwa. Anayeivaa anyoe ndevu pale inapogusa ngozi, la sivyo hewa hupita pembeni. Sanitaiza ya mililita 3 kila mara, mara 10 kwa siku, kwa watu haohao 25, hufika lita 31 na nusu kwa wiki 6. Isiachwe ndani ya gari au boti juani, na isikaribie sigara, kwa sababu ni spiriti. Sabuni ni bora penye maji, ila maji ya chumvi ya visima vingine hayatoi povu. Wekeni pipa la maji matamu mlangoni lenye bomba, na mtu aliyetajwa kwa jina wa kulijaza. Glavu ni za kushika damu, matapishi na maiti tu. Anayezivaa kutwa nzima ana mikono michafu isiyooshwa.

Klorini inayouzwa madukani mara nyingi huwa na nguvu ya asilimia 3.5, lakini soma chupa. Kwa meza, vitasa na sakafu ya seli, changanya kikombe 1 na vikombe 34 vya maji, upate asilimia 0.1. Penye damu au matapishi, kikombe 1 kwa 6, upate 0.5. Osha kwanza kwa sabuni, maana uchafu huila klorini, kisha paka na uache dakika 10. Mchanganyiko wa jana umwagwe. Usiuchanganye na siki wala dawa nyingine ya choo, na usimpulizie binadamu. Pingu zilizofutwa kwa klorini zisuuzwe kwa maji matamu na zikaushwe, kwa sababu chumvi ya hewa ya Lamu tayari inazila, na klorini humalizia kazi. Redio na silaha zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, bila kulowesha.

Yote hayo yanaweza kuharibiwa jioni moja na namna polisi wanavyowakabili watu. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya Korona, wasafiri waliokuwa wakingoja feri ya Likoni, Mombasa, walipigwa mabomu ya machozi. Moshi ule humfanya mtu akohoe, apige chafya, apanguse macho kwa mikono na akimbilie walipo wenzake, yaani kila jambo linalosambaza ugonjwa wa pumzi. Wenye boti za Mokowe na Lamu waitwe mapema, mpatane saa ya safari ya mwisho na idadi ya abiria, na saa hiyo iwe kabla ya kafyu kwa muda unaomtosha mtu wa Shela au Matondoni kufika kwake. Kwenye vichochoro vya mji, ambako watu wawili hupishana mabega yakigusana, doria ya askari 2 inatosha. Wakienda sita huwabana watu ukutani.

Mazungumzo na maimamu, machifu na wazee wa mitaa yafanyike sasa, hasa kuhusu mazishi. Maiti wa influenza hapumui wala hakohoi. Waoshaji wakiwa na glavu, barakoa na aproni, na wakaosha mikono baadaye, maiti anaweza kuoshwa, kukafiniwa na kuzikwa siku hiyohiyo kama dini inavyotaka. Kaburi linalochimbwa usiku na watu waliovaa mavazi meupe, jamaa wakizuiwa mbali, huwafundisha watu kuficha wagonjwa, na aliyefichwa hutibiwa akiwa amechelewa. Dawa ya oseltamivir hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili. Kazi ya polisi kwenye kifo cha nyumbani ni moja: kuona kama kuna dalili ya jinai. Kama hakuna, muachieni chifu na familia.

Askari mwenye homa ya ghafla, kikohozi na maumivu ya mwili aondoke kazini saa hiyohiyo, na asirudi mpaka zipite siku 7 tangu dalili zianze au saa 24 bila dalili, lolote litakalochelewa. Akipumua kwa shida, akichanganyikiwa au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Wajawazito na wenye pumu, kisukari au moyo wapewe redio na simu, si seli wala boti. Mshahara na posho zisikatwe kwa kuugua, na hilo litangazwe kwenye paredi, kwa sauti, na mkubwa mwenyewe; askari anayejua atakatwa atameza dawa ya kushusha homa na kuja kazini. Kila anayejitenga awe na mwenzake aliyetajwa wa kumpigia simu asubuhi na jioni na kumwachia chakula mlangoni, kwa sababu wengi wametoka bara na hapa Lamu hawana shangazi wala dada wa kuwagongea mlango.